Digrii Moja Haitoshi: Kwa Nini Kijana wa Sheria, Uchumi na Uhandisi Asome Afya ya Dunia



Tarehe 20 Januari 2025 ni tarehe ambayo kila mwanafunzi wa chuo nchini alipaswa kuiandika kwenye daftari lake. Siku hiyo, pale Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), Dk. Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitika mkoani Kagera. Siku hiyo hiyo, kule Washington, Donald Trump aliapishwa kuwa Rais wa Marekani, na kabla siku haijaisha alikuwa ameshasaini amri ya kuitoa nchi yake WHO na nyingine ya kusimamisha kwa siku 90 misaada ya maendeleo kwa nchi za nje.

Miji miwili, siku moja. Jambo la kwanza lilikuwa la kirusi, la pili lilikuwa la kalamu. Yote mawili yalikwenda kumgusa mtu yule yule: mwananchi aliyekaa kwenye benchi la zahanati akisubiri kuitwa jina.

Sasa swali. Siku ile nani alikuwa na kazi ya kufanya? Wengi tutajibu haraka haraka: madaktari na manesi. Tuache utani. Kuisoma amri ile na kujua ni mradi gani unasimama na upi unaendelea ni kazi ya mwanasheria. Kupiga hesabu dawa zilizobaki bohari zitatufikisha mwezi gani ni kazi ya mtu wa ugavi. Kutafuta hela ya kuziba pengo ni kazi ya mchumi. Kuwaambia wananchi wa Biharamulo ukweli mapema, bila kuwaficha na bila kuwatia kiwewe, ni kazi ya mwandishi wa habari. Daktari anaingia akiwa amezungukwa na maamuzi ya watu hawa wote. Wakikosea wao, yeye hana cha kufanya zaidi ya kumwambia mgonjwa, "Dawa hakuna, nenda kanunue."

Hoja ya tahariri hii ni moja: kijana wa Kitanzania anayesoma sheria, uchumi, uhandisi, uhasibu, uandishi wa habari au sosholojia asome na afya ya dunia pembeni ya digrii yake. Sio kwa sababu inapendeza kwenye CV. Ni kwa sababu maamuzi ya uhai wetu yanafanyika kwenye meza ambazo hatuna watu wa kutosha wanaoijua lugha inayozungumzwa pale.

Kwanza, ni kitu gani hasa?

Udaktari unamtazama mgonjwa mmoja. Afya ya umma inatazama kata, wilaya, nchi. Afya ya dunia inatazama yale yanayovuka mipaka na kumfikia mgonjwa wa Nzega bila yeye kujua: bei ya dawa iliyopangwa Ulaya, hataza iliyosajiliwa Marekani, kiwanda cha India, popo wasiojua mpaka wa Kagera uko wapi, mvua zinazobadilika, mkopo uliosainiwa kwa masharti, mkataba uliopitishwa Geneva. Halafu inauliza: kwa nini mwenzetu wa kule anapona na huyu wa hapa anakufa kwa ugonjwa ule ule?

Ukiitazama hivyo, utaona hakuna fani inayomiliki somo hili peke yake. Nusu ya majibu yako nje ya hospitali.

Vita ya ARV ilipiganwa mahakamani

Tuanze na mfano ambao kila familia hapa nchini inaufahamu kwa namna moja au nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990, dawa za kufubaza makali ya VVU zilikuwepo. Zilikuwa zinafanya kazi. Wagonjwa wa Ulaya na Marekani walikuwa wanainuka vitandani. Huku kwetu tulikuwa tunachimba makaburi. Tofauti ilikuwa bei: zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka.

Nani aliivunja bei ile? Afrika Kusini ilipitisha sheria ya kuruhusu dawa za bei nafuu, na mwaka 1998 makampuni ya dawa yakaipeleka serikali ya Nelson Mandela mahakamani. Mwishoni mwa mwaka huo huo, vijana na wanaharakati wakiongozwa na Zackie Achmat wakaanzisha Treatment Action Campaign. Achmat sio daktari. Walijifunza namna kirusi kinavyofanya kazi, wakajifunza sheria ya hataza, wakajifunza kusoma hesabu za makampuni, kisha wakaingia barabarani na kuomba kusikilizwa mahakamani kama marafiki wa mahakama. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kuwa inaweza kutoa mseto wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Aprili 2001 makampuni 39 yakaondoa kesi yao Pretoria. Novemba mwaka huo huo, mawaziri wa biashara wakikutana Doha, wakatamka kwamba mkataba wa hakimiliki za biashara haupaswi kuzizuia nchi kulinda afya za watu wao.

Hapa kwetu, ARV za bure zilianza kutolewa mwaka 2004. Nyuma ya kila kopo la dawa lililotolewa pale kliniki kulikuwa na mwanasheria, mkemia, mwanaharakati na mpatanishi wa biashara. Mgonjwa hakuwaona, lakini walikuwepo.

Na habari hiyo haijaisha. Nchi zenye maendeleo duni zaidi, sisi tukiwemo, zimepewa hadi tarehe 1 Januari 2033 kutolazimika kulinda hataza za dawa. Huo ni mlango uliofunguliwa kwa ajili yetu. Sasa mwanafunzi wa sheria uliye mwaka wa tatu, nakuuliza: sheria yetu ya hataza inautumia mlango huo kiasi gani? Na siku tukitoka kwenye kundi hilo la nchi, tutakuwa tumejiandaa vipi? Hilo ni andiko la mwisho wa digrii tayari. Badala ya kuandika kwa mara ya mia moja juu ya mada ambayo mwenzako wa mwaka jana aliiandika, andika hiyo.

Chandarua na mchumi

Mfano wa pili uko kitandani kwako. Chandarua chenye dawa kinaonekana kitu kidogo sana. Lakini nyuzi zake zilibuniwa na wakemia wa Sumitomo, Japani, na mwaka 2003 teknolojia hiyo ikaletwa kwenye kiwanda cha A to Z kule Arusha. Kiwanda kikaajiri watu wetu na kutengeneza vyandarua vilivyookoa watoto wa Afrika. Hiyo ni kemia ya viwanda, ni biashara, ni mikataba ya kuhamisha teknolojia.

Kisha likaja swali la bei. Mwaka 2004 sisi tulianza na hati punguzo: mjamzito anapewa karatasi kliniki, anaongeza hela kidogo, anachukua chandarua dukani. Wakati huo dunia ilikuwa inabishana. Wapo waliosema mtu akipewa bure hathamini, atakwenda kukivulia samaki. Wengine walisema ukiweka bei utawaacha maskini nje.

Ubishi ule haukumalizwa kwa kupiga kelele. Wachumi wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, walikwenda kwenye kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya wakapima. Kliniki nyingine zikatoa bure, nyingine zikauza kwa bei tofauti tofauti. Matokeo: bei ilipotoka bure kufika senti 60 tu za dola, waliochukua chandarua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Na wale waliopewa bure hawakuonekana kukitumia kidogo kuliko wale walionunua. Yaani ile "hela ndogo tu ya kuchangia" ndiyo iliyokuwa ukuta.

Sasa ichukue hoja hiyo uilete nyumbani. Nchi hii imeishi na kuchangia huduma tangu mwaka 1993. Tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Kila mwanafunzi wa chuo anaifahamu ile 50,400 ya NHIF na anajua ilivyo ngumu kuipata bumu likichelewa. Sasa mkulima wa jembe la mkono, mama ntilie, dereva wa boda, watachangia shilingi ngapi, mara ngapi kwa mwaka, na nani atamlipia asiye nacho? Hapo hatuhitaji daktari. Tunahitaji mchumi aliyesoma mambo haya na mtakwimu anayejua kupima, ili siku waziri akisimama na kusema "kiwango hiki kinalipika", awepo kijana wa kusimama na kusema, "Mheshimiwa, naomba kuona ulivyofika hapo."

Popo hawana pasipoti

Turudi Kagera. Mlipuko wa kwanza wa Marburg tuliutangaza Machi 2023 wilayani Bukoba: wagonjwa 9, vifo 6. Septemba 2024 ukaibuka Rwanda: wagonjwa 66, vifo 15. Wenzetu walifuatilia chanzo mpaka wakafika kwenye mgodi wenye popo. Januari 2025 ukarudi Kagera, safari hii Biharamulo, na ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, hesabu ilikuwa wagonjwa 10, wawili waliothibitishwa na vipimo na wanane waliohesabiwa kwa dalili na mazingira. Wote 10 walifariki.

Soma tena: wote 10.

Kabla ya tangazo la Dodoma, WHO ilikuwa imeshasema kuna washukiwa Kagera, na Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha Marburg. Wananchi wakabaki katikati. Amini nani? Hapa ndipo unapoona umuhimu wa kusoma. Kuna Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, na nchi yetu imo ndani. Zinaitaka nchi ikishatathmini tukio linaloweza kuwa dharura ya kimataifa iijulishe WHO ndani ya saa 24. Ni waandishi wangapi wetu waliokuwa na kanuni hizo mezani wiki ile? Ni wabunge wangapi wangeweza kuuliza swali la pili baada ya jibu la kwanza la Serikali?

Na mwanafunzi wa uhandisi wa madini, usidhani hili halikuhusu. Ukifungua shimo kwenye eneo lenye popo, wewe ndiye uliyeamua nani atakutana na nani. Barabara mpya, bwawa jipya, soko jipya la mifugo, vyote ni maamuzi ya afya hata kama kwenye michoro hakuna mahali palipoandikwa neno hilo.

Hatujasahau pia mwaka 2020, pale takwimu za korona zilipokoma kutolewa tukiwa na wagonjwa 509 na vifo 21 kwenye karatasi. Zaidi ya mwaka mzima nchi ilikaa bila namba. Mtu asiye na namba hawezi kuuliza swali, na asiyeweza kuuliza swali hawezi kumwajibisha mtu.

Namba isomwe, isishangiliwe wala isizomewe

Hili naomba tulisikilize vizuri, maana linatuhusu sisi wenyewe tunaojiita wakosoaji.

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vitokanavyo na uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Wenzetu wa upande wa pili wakashangilia. Upande wetu wengi wakasema, "Uongo mtupu, wamepika." Pande zote mbili hazikufungua ripoti.

Mtu aliyesoma kozi moja tu ya epidemiolojia angeuliza maswali ya maana. Namba hii imepatikanaje? Jibu: watu wanaulizwa kuhusu dada zao waliofariki. Inahusu mwaka gani? Jibu: sio mwaka mmoja, ni miaka kadhaa iliyotangulia utafiti. Ina ukingo gani? Jibu: kifo cha uzazi, kwa lugha ya takwimu, ni tukio adimu hata ukihoji maelfu ya watu, kwa hiyo kila kadirio lina chini yake na juu yake. Wengine wanasemaje? Jibu: makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalikuwa juu ya 200, kwa sababu wanatumia njia nyingine ya kukokotoa.

Ukishauliza hayo unaweza kusema kitu chenye uzito: kushuka kunaonekana, na kuna vituo vya afya vilivyojengwa na wakunga wanaokesha wanaostahili heshima yao, lakini ukubwa wa kushuka huko bado una mjadala, na Serikali ichapishe takwimu za vituo kwa kila wilaya ili tulinganishe. Hoja kama hiyo haizimwi kwa vijembe. Kupinga bila kusoma ni kelele, na kelele hazijawahi kumtibu mtu.

Tulishawahi kufanya hivi

Msije mkadhani hili ni jambo la kuletewa na wazungu. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Walioibeba hawakuwa madaktari. Ilibebwa na watu wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, watangazaji wa redio, walimu na viongozi wa vikundi vijijini. Watu wakakaa kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu, wakajadili, kisha wakatoka kwenda kuchimba choo, kufyeka majani na kuchemsha maji. Takriban watu wazima milioni 2 walishiriki, kwenye nchi ambayo haikuwa na intaneti wala simu ya mkononi.

Sasa hivi tuna simu mkononi, tuna vijana wenye digrii wamejaa mtaani, na bado mtu anauziwa dawa ya kisukari kwenye kundi la WhatsApp na muuzaji asiyejua kisukari ni nini. Aibu hii ni ya nani?

Wanaopinga wana hoja, tuzijibu

Wapo watakaosema: "Ajira hakuna, wewe unatuambia tuongeze masomo." Ni kweli ajira hakuna, na tahariri hii haiahidi ajira. Miradi mingi iliyokuwa ikiajiri vijana wetu kwenye sekta ya afya ilitikiswa mwaka 2025, na Julai mwaka huo shirika la misaada la Marekani, USAID, lilisitisha rasmi shughuli zake. Anayesoma afya ya dunia kwa kutegemea gari jeupe lenye antena na posho ya semina anasoma kwa kuchelewa. Tunachosema ni tofauti. Mhasibu anayejua jinsi fedha za dawa zinavyosafiri kutoka Hazina hadi zahanati ni mhasibu bora. Mwanasheria anayejua mikataba ya dawa ana mteja ambaye mwenzake hana. Digrii yako ibaki kuwa mti, hili liwe tawi lenye matunda.

Wengine watasema: "Haya ni mambo ya mabeberu." Hapo kuna ukweli ambao hatupaswi kuukwepa. Elimu hii ina mizizi kwenye tiba za kitropiki za enzi za ukoloni. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch, yule yule mwenye jina kubwa kwenye vitabu vya baiolojia, alikuwa visiwa vya Ssese kwenye Ziwa Victoria upande wa Uganda akiwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa ya atoxyl yenye sumu ya aseniki. Dozi ilipoongezwa, baadhi yao walipofuka. Hakuna aliyewauliza kama wanakubali. Hata leo fedha nyingi, majarida makubwa na vyeo vikubwa vya fani hii vipo Geneva, London, Seattle. Mtafiti anakuja, anachukua damu, anaondoka, na jina la msaidizi wake wa Ifakara au Korogwe linawekwa mwishoni, kama likiwekwa.

Lakini dawa ya hilo ni kususa? Tukisusa, nani atakuwa kwenye kamati ya maadili kumuuliza mtafiti sampuli zinakwenda wapi? Nani atausoma Mkataba wa Majanga ya Milipuko uliopitishwa Geneva Mei 2025 na kuuliza kama ukitoa kirusi utapata na chanjo? Wakati wa korona tulishuhudia nchi tajiri zikijaza maghala huku sisi tukisubiri foleni. Dozi zetu za kwanza, milioni 1 na kidogo, zilifika mwisho wa Julai 2021. Ndio maana tunasema tusome, na tusome kwa macho yetu.

Wapo pia watakaosema vyeti vimetosha. Tunakubaliana nao. Mtu mwenye vyeti kumi vya mtandaoni asivyokumbuka vilihusu nini hajasoma, amekusanya makaratasi. Soma kidogo, soma kwa kina, halafu kitumie.

Tunataka nini, na wewe ufanye nini

Kwa vyuo vikuu vyetu, dai letu ni dogo. Afya ya umma tunayo, MUHAS na kwingineko, lakini kwa kiasi kikubwa imewekwa kwa ajili ya watu wa afya au kwa ngazi ya uzamili. Fungueni kozi moja ya hiari ya afya ya dunia ambayo mwanafunzi wa sheria na wa uhandisi anaweza kukaa darasa moja na wa udaktari, na ihesabiwe kwenye matokeo yake. Haihitaji jengo jipya. Inahitaji walimu wa vitivo vitatu wakubaliane ratiba. Rwanda kuna chuo kizima kule Butaro, kilichoanzishwa mwaka 2015 na shirika la Partners In Health, kinachofundisha mambo haya kwa mtazamo wa haki na usawa. Majirani zetu wameweza, sisi tunashindwa nini?

Kwa Serikali: mwaka 2001 pale Abuja viongozi wa Afrika waliahidi angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Tanzania ilikuwemo. Robo karne baadaye hatujafika. Bajeti ya 2025/26 imeleta tozo mpya za kugharamia UKIMWI na bima ya afya. Mwananchi analipa. Basi achapishiwe kila robo mwaka: zimekusanywa ngapi, zimekwenda wapi, zimenunua nini.

Na wewe kijana, usisubiri chuo wala Serikali. WHO ina kozi za bure mtandaoni. Chagua moja ya namna milipuko inavyofuatiliwa, imalize. Kisha fanya haya manne mwaka huu:

Moja, andiko lako la mwisho lichague mada moja ya afya kwa jicho la fani yako. Mtu wa ugavi afuatilie safari ya dawa kutoka Bohari ya Dawa hadi zahanati. Mtu wa lugha achunguze maelezo ya dawa yanavyoandikwa, kama bibi anaweza kuyaelewa.

Mbili, fungua Ripoti ya CAG kwenye sehemu ya afya ya halmashauri yenu, sio kichwa cha habari chake. Soma na Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, uone kilichoandikwa na kilichopo.

Tatu, ukirudi likizo, nenda kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, uliza kamati ya usimamizi wa zahanati ni kina nani, wamekaa lini mara ya mwisho, na taarifa ya mapato na matumizi imebandikwa wapi. Uliza kwa heshima, lakini usiondoke bila jibu.

Nne, kusanyeni watu watano wa fani tano tofauti, mkutane mara mbili kwa mwezi, kila mmoja alete ukurasa mmoja. Mwanafunzi wa udaktari awepo, lakini asiwe mwenyekiti.

Utafiti wa 2022/23 ulionyesha asilimia 4.4 ya watu wazima nchini wanaishi na VVU. Hao ni shemeji, mwalimu, fundi, mchezaji wa timu ya mtaa. Wanameza dawa kila siku, na uhakika wa dawa ya kesho uliwahi kutikiswa na saini ya mtu ambaye hawajawahi kumpigia kura wala hatawahi kukanyaga kijijini kwao. Siku ile saini nyingine kama hiyo itakapokuja, na itakuja, nchi hii iwe na wanasheria wa kuisoma, wachumi wa kupiga hesabu, waandishi wa kuieleza na madiwani wa kuuliza. Watu hao hawashuki kutoka mbinguni. Sasa hivi wako chuoni, mwaka wa pili, wanabishana mpira.

Fungua kitabu, kamanda. Mpira utaukuta.